Nani Mwenye Mamlaka ya Kufungisha Ndoa?

Mei 12, 1621, Edward Winslow alimwoa Susanna White katika makazi mapya ya Plymouth, pwani ya Massachusetts. Mke wa kwanza wa Winslow alikuwa amefariki Machi mwaka huo. Susanna naye alifiwa na mumewe Februari, akaachwa na watoto wawili, mmoja wao mchanga aliyezaliwa melini. Karibu nusu ya abiria 102 wa meli yao, Mayflower, walikuwa wameshazikwa. Ndoa hiyo, ya kwanza kufungwa Plymouth, ilikuwa ya hakimu. Mchungaji hakuhusika.

Waliofanya hivyo walikuwa washika dini hasa. Walikuwa wameishi Leiden, Uholanzi, na huko waliona ndoa zikifungwa mbele ya maofisa wa mji. Walipopekua Biblia hawakuona mahali ambapo kazi hiyo imekabidhiwa mchungaji. Kwao ndoa iligusa urithi, na urithi ni jambo la serikali. Uingereza haikuvumilia fikra hizo. Winslow aliporudi London miaka ya 1630 kwa shughuli za koloni, Askofu Mkuu William Laud alimbana, na moja ya makosa aliyohesabiwa ni kufungisha ndoa ilhali hana daraja la upadri. Alikaa gerezani karibu miezi minne.

Tukilinganisha harusi za Marekani na za Ulaya, mara nyingi tunaishia kwenye keki, shela na pete. Mimi naona tofauti kubwa zaidi iko hapa: nani anayetamka kwamba hawa wawili sasa ni mume na mke? Na ajabu ya historia ni kwamba Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya zimebadilishana nafasi.

Massachusetts iliwaruhusu wachungaji kufungisha ndoa mwaka 1692. Leo, katika majimbo yote ya Marekani, kiongozi wa dini anaweza kufungisha ndoa na serikali ikaitambua. Maharusi wanachukua kibali cha ndoa serikalini, mfungishaji anatia saini, kazi imekwisha. Ufaransa ilishika njia nyingine. Septemba 20, 1792, Mapinduzi yaliliondolea kanisa madaftari ya ndoa na kuyakabidhi kwa manispaa, na tangu hapo ndoa inayotambuliwa ni ile ya kwa meya. Padri au imamu mwenye mazoea ya kufungisha ndoa za kidini kabla maharusi hawajapita kwa meya anaweza kufungwa miezi sita na kutozwa faini ya euro 7,500. Ujerumani ya Bismarck iliweka sharti kama hilo kuanzia 1876, na katazo la kutanguliza kanisa liliondolewa mwaka 2009.

Waingereza wao waliibana ndoa ndani ya jengo. Sheria ya Lord Hardwicke ya 1753 iliwataka watu wote, isipokuwa Wakwekeri (dhehebu la Kikristo) na Wayahudi, waoane katika Kanisa la Anglikana. Vijana waliokataliwa na wazazi wakakimbilia Gretna Green, kijiji cha Scotland karibu na mpaka, ambako sheria hiyo haikufika. Huko Uingereza kwenyewe, hoteli ziliruhusiwa kuandaa ndoa halali mwaka 1995 tu, na bustani za hoteli hizo mwaka 2021. Marekani mamlaka yanamfuata mtu popote asimamapo, ndiyo maana watu wanaoana ufukweni au kwenye ghala la shamba. Pennsylvania imekwenda mbali zaidi: kwa urithi wa Wakwekeri, kuna kibali kinachowaruhusu maharusi kuoana wenyewe mbele ya mashahidi, bila mfungishaji yeyote.

Lakini uhuru huo haukuwa wa kila mtu, na hili lisipite kwa haraka. Katika majimbo ya utumwa, ndoa ya Waafrika waliokuwa watumwa haikuwa na nguvu yoyote kisheria. Waliruka ufagio mbele ya wenzao, na hilo likawa tamko lao. Wapo wachungaji waliobadilisha kiapo chao, wakasema ndoa itadumu hadi kifo au umbali, maana bwana angeweza kumuuza mume Jumatatu na mke akabaki. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, ofisi ya serikali ya kuwahudumia walioachwa huru ilianza kuandikisha ndoa hizo, zikiwamo za watu waliokuwa wameishi pamoja kwa miongo mingi. Kwao karatasi ile ilikuwa kinga: sasa hakuna wa kuwatenganisha kwa mnada. Wajukuu wao waliufufua ufagio hasa baada ya tamthilia ya Roots kuoneshwa kwenye televisheni mwaka 1977.

 

Kwa Waswahili walioko ughaibuni, tofauti hii ya nani anayefungisha ndoa ni ya vitendo. Ndoa iliyofungishwa na shehe Ohio, kibali kikiwa mkononi na shehe akiwa amesajiliwa, ni ndoa kamili mbele ya serikali. Walioko Paris waanze kwa meya; nikahi peke yake haiwapi haki ya urithi wala pensheni ya mjane.