Dawa ya Malale na Macho ya Wagonjwa

Zamani za utawala wa Wadachi, Waziba wengi walikwenda Uganda kutafuta kazi, na baadhi yao walirudi na malale. Ugonjwa huo huletwa na mbung'o, na asiyetibiwa hufa. Mwaka 1906 mganga Mdachi Robert Koch alifika katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa ziwa letu, akajaribu dawa iitwayo Atoxyl. Maana ya jina hilo ni kitu kisicho sumu; walakini dawa yenyewe ilikuwa na arseniki ndani yake, ambayo ni sumu kweli kweli. Alianza kwa sindano za nusu gramu. Alipoona vijidudu vyarudi katika damu, aliongeza kipimo, na wagonjwa 22 wakapofuka kabisa. Ndipo akakirudia kipimo cha kwanza.

Mwaka 1907 kambi ya malale ilifunguliwa Kigarama katika Kiziba, kaskazini ya mji wa Bukoba, siku za Mukama Mutahangarwa, na Atoxyl ikatumika huko pia. Wenyeji waliajiriwa kupita vijijini wakipapasa shingo za watu, kwa kuwa matezi yaliyovimba ni dalili ya malale. Kazi hiyo twaisifu, maana mgonjwa alitafutwa nyumbani kwake kabla hajazidiwa. Lakini walitumwa kutazama shingo, si macho.

Wala si kwamba vipimo vya macho havikuwapo. Herufi za Snellen, mganga wa Uholanzi, zilichapwa mwaka 1862. Na asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye huonyesha kwa mkono ilikoelekea. Tena herufi pekee zisingetosha. Arseniki huharibu mshipa wa fahamu uunganishao jicho na ubongo, na mara nyingi kando hufifia kwanza: mtu huona vema mbele yake, asimwone apitaye ubavuni.

Mshipa huo ungali wahitaji kuangaliwa. Katika zahanati za Muleba na Bukoba, mgonjwa wa kifua kikuu hupewa dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza. Moja yake, ethambutoli, yaweza kuudhoofisha mshipa huo, hasa kipimo kikizidi au figo zikiwa mbovu. Dalili ya mapema yaweza kuwa kuchanganya rangi nyekundu na kijani, na dawa ikiachishwa upesi wengi huona tena vizuri. Lakini mtabibu atajuaje kwamba macho yamepungua, ikiwa hakuandika yalivyokuwa siku ya kwanza?

Huko Nakuru, Kenya, herufi E ilitiwa katika simu ya mkononi, na majaribio yaliyochapwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba hata wahudumu wa vijijini waliweza kupima nayo karibu sawasawa na kliniki. Simu hiyo, hata hivyo, hupima uoni wa katikati tu. Kando na rangi bado ni kazi ya kidole cha mpimaji kisogezwacho kutoka pembeni, na kipande cha kitambaa chekundu.