Ulezi pori: gugu linalofanana na ulezi shambani

Mvua zikishaanza hapa Mpanda, ukipita Majengo utaona nyasi fupi zimeota kando ya njia, uani na pembeni mwa viwanja vya mpira, hata mahali ambapo udongo umeshindiliwa na miguu ya watu. Wengi tunazikanyaga tu. Lakini mkulima wa ulezi hawezi kuzipuuza. Nyasi hizi ni ndugu wa karibu wa ulezi, na zikiwa changa ni rahisi kung'oa zao na kuacha gugu.

Jina lake la kitaalamu ni Eleusine indica. Hapa tutaliita ulezi pori. Ingawa neno indica linaitaja India, gugu hili limeenea Afrika, Asia, Marekani na karibu nchi zote zenye joto.

Linavyoonekana

Ulezi pori huota, huzaa na kufa ndani ya msimu mmoja. Mashina yake hutoka pamoja kama kichaka kidogo, ni bapa, na chini karibu na udongo yana weupe. Mizizi hushika sana, ndiyo maana kuling'oa kwa mkono ni kazi. Suke lake lina vidole vyembamba, mara nyingi viwili hadi saba, vilivyotawanyika. Mara nyingi kidole kimoja hukaa chini kidogo ya vingine. Mmea mmoja unaweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu.

Ulezi wenyewe una vidole vinene, na kwa aina nyingi hujikunja kama ngumi. Punje zake hubaki kwenye suke hadi uvune, wakati za gugu hupukutika zenyewe.

Kuna ndugu mwingine, Eleusine africana, ambaye ndiye mzazi wa ulezi tunaolima. Huyu ni wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu anaweza kuchavushana na ulezi shambani, na uzao wao ukapukutisha punje kabla ya mavuno.

Mkulima afanye nini?

Panda kwa mistari badala ya kumwaga mbegu. Kinachoota katikati ya mistari utajua ni gugu, hata kikiwa kichanga. Palilia mapema, mizizi ikiwa bado haijashika. Masuke yakitoka, pita tena shambani ung'oe yenye vidole vyembamba kabla hayajakomaa.

Kuwa mwangalifu na dawa za kuua magugu. Dawa inayoua nyasi inaweza kuua na ulezi, kwani nao ni jamii ya nyasi. Muulize kwanza afisa ugani wa kata yako.

Mbegu ya msimu ujao ichague ulezi ukiwa bado shambani. Chukua masuke manene yaliyoshika punje vizuri, uyakaushe na kuyahifadhi peke yake. Ukisubiri hadi kila kitu kichanganyike ghalani, utapanda gugu kwa mkono wako mwenyewe.