Nchi Iliyokaribia Kuzaliwa Bila Jeshi

Vijana wengi hawajui kwamba kabla ya Uhuru wa 1961 Mwalimu Nyerere alifikiria kwa dhati nchi hii isiwe na jeshi. Hoja yake haikuwa ngumu: nchi ya Kiafrika ikijinunulia bunduki, itampiga nani kama si Mwafrika mwenziwe? Hata hivyo Tanganyika Rifles, tuliyorithi kwa Waingereza pamoja na maofisa wake, ikabaki.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kizungu. Kesho yake Tabora ikafuata, na Tabora si mbali nasi, ni safari ya treni tu. Serikali ikalazimika kuwaita Waingereza, mkoloni wa jana, waje kuzima maasi. Fedheha iliyoje! Baadaye kikosi cha Nigeria kikaja kushika zamu yao, na tarehe 1 Septemba 1964 JWTZ ikaundwa, vijana wengi wakitoka Umoja wa Vijana wa TANU.

Wanigeria wale huwa tunawasahau. Kabla hatujalinda amani ya mtu, sisi ndio tuliolindiwa.

Jeshi hilo jipya likawasaidia wapigania uhuru wa Kusini, likamng'oa Idi Amin 1979, likafika Liberia, Anjouan na Darfur, ambako askari wetu 7 waliuawa Julai 2013. Lakini mageuzi makubwa yalikuwa Kongo mwaka huohuo. Azimio namba 2098 la Umoja wa Mataifa liliwaruhusu askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa kwetu, kuwafuata waasi na kuwapiga. Kwa maoni yangu, hiyo si kulinda amani tena, ni kuitafuta kwa mtutu. Novemba M23 wakashindwa. Desemba 2017, huko Semuliki, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa.

Wapo Mpanda wanaouliza yanatuhusu nini ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wapite Katumba au Mishamo, wawaulize wazee waliokimbia Burundi 1972. Wakirudi, waulize na swali gumu zaidi: imekuwaje M23 waliofukuzwa 2013 wakarudi, na Januari 2025 wakaichukua Goma?