Maficho ya Wazee Wetu wa Korogwe

Watu wapitao Korogwe siku hizi huona daraja na njia ya reli iliyofika hapa mwaka 1902, wala hawajui kwamba Korogwe ya kale ilikuwa ngome. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji jinsi wazee wetu walivyochagua maficho yao.

Mto wetu ni Ruvu, ambao watu wa pwani huuita Pangani. Katikati yake mna visiwa, na huko ndiko walikokaa wazee. Katika karne ya 19 nchi ilijaa hofu. Kutoka nyikani walikuja Wamasai kuteka ng'ombe, na kutoka pwani zilikuja bunduki na wanunuzi wa watumwa.

Wazee walitazama mambo matatu. Kwanza maji, maana ngome isiyo na maji ni mtego. Pili njia iwe moja, tena nyembamba; kisiwani ilikuwa ulalo wa miti juu ya maji yenye mamba. Tatu, adui asikione kijiji. Kwa hiyo Wazigula walio mbali na mto waliacha mwitu wa miiba usikatwe, wakajenga ndani yake. Kijia kilipindapinda hata kufika mlango wa magogo, na mgeni aliweza kupita karibu asijue kuwa pana watu.

Lakini maficho hayazuii kila adui. Mashamba yalikuwa nje, na mvua ikikosa, mlango wa magogo haufai kitu. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigula wengi walitoka vijijini wakashuka pwani kutafuta chakula. Wakapakiwa majahazini, wakauzwa mpaka nchi ya Wasomali. Baadaye wengi walitoroka, wakajificha tena katika misitu ya mto Juba, wakakaa huko na lugha yao.

Tena yuko adui wa ndani. Mfalme Kimweri wa Usambara alipokufa mwaka 1862, jamaa zake waligombana, na watawala wakauza hata watu wao wenyewe. Kisiwa chafaa nini, ikiwa aliyepewa kuulinda ulalo ndiye auzaye watu? Hapo ndipo twaona maana ya neno la wazee: kikulacho ki nguoni mwako.

Basi, vita vilipoiharibu nchi ya Somalia tangu mwaka 1991, wengine wa wazao wa wale waliouzwa walikimbia tena. Wakafika kwetu, wakapewa mahali pa kukaa huko Chogo, Handeni, na baadaye uraia. Walikuja bado wakisema Kizigula, na wenyeji wakawasikia. Mwitu wa miiba uliwaficha wazee wao kwa muda tu. Wao walipokewa kwa sababu watu wa huku waliwatambua kuwa ndugu.