Klipu ya reli
Klipu ya reli ni kibanio cha chuma cha springi kinachoshikilia reli juu ya taruma la zege. Katika aina mashuhuri ya Pandrol, iliyobuniwa na Mnorwei Per Pande-Rolfsen miaka ya 1950, klipu hugongwa kwa nyundo ndani ya kishikio kilichopachikwa kwenye zege, ikakandamiza kitako cha reli kwa nguvu ya karibu tani moja. Msumari wa kushikilia reli hulegea kwa mtikisiko; springi hucheza na reli bila kuiachia, na hiyo ndiyo sifa kuu ya klipu. Pedi ya mpira chini ya reli hulinda zege. Nchini Kenya, njia ya zamani ya reli ya upana wa mita 1, ipitayo Eldoret na Turbo, ilitangulia teknolojia hii; reli ya kisasa (SGR) ya Mombasa–Nairobi, iliyofunguliwa 2017, imelazwa juu ya mataruma ya zege.