Uhuru: setilaiti ya Ngomeni na programu zake

Wadau, tukiongea vihisi na kompyuta huku Pwani, tuanze na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini. Vihisi vyake vilihesabu miale ya eksirei kutoka angani. Lakini hesabu tupu haisemi miale imetoka wapi! Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kama dakika 12, vihisi vingine vikitazama nyota na jua. Programu za huku chini zikaoanisha hesabu, saa na upande. Wengi husifu roketi. Mimi nasifu kuoanisha huko. Ndiko kulikoonyesha, mwaka 1971, kwamba Centaurus X-3 hupigapiga kila sekunde 4.8. Orodha ya mwisho, ya 1978, ina vyanzo 339.