Vijiji Juu, Maji Chini

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tumezoea kwanza kisima, kisha nyumba na msikiti. Lakini ukifika Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, utastaajabu: vijiji viko juu, na maji yako chini, upande wa Mto Ruvuma. Ardhi ya juu ni ya mchanga, mvua huzama, wala mito hakuna. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliwakuta watu wakiteremka genge kuchota maji.

Je, walikuwa wajinga? Hasha! Katika karne ya 19 nchi ya chini ilikuwa njia ya wavamizi na ya misafara ya watumwa, iliyoishia Kilwa na bandari nyingine za pwani yetu. Mwaka 1882 Masasi, iliyoko chini, magharibi ya uwanda, ilivamiwa na Wagwangwara. Watu wakauawa, wengine wakatekwa. Huko juu vichaka vilikuwa vizito, adui hapenyi kwa urahisi. Basi watu wakachagua kiu kuliko minyororo, wakaongezeka huko huko juu.

Maji ya bomba yalianza kupandishwa uwandani miaka ya 1950. Hata hivyo, umwonapo mama wa kijijini na ndoo kichwani, usimdharau. Safari yake ilianzishwa na khofu, na khofu ililetwa na binadamu. Sura ya Quraysh imeitaja amani pamoja na chakula. Aliyejaaliwa vyote viwili, na amchimbie mwenziwe kisima.